Nani Kaegemeza Ukuta wa Dada?

Jumapili, 3 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, ukiacha goti, ambalo lina maisha yake na halinishirikishi. Wifi yako anakusalimu. Anasema lile gauni ulilomshonea mwaka juzi bado linamtosha, na amesimama hapa nyuma yangu kuhakikisha nimeandika hivyo. Binti zangu wazima. Mkubwa siku hizi ananisahihisha nikiongea, tena mbele ya wageni. Kazini tumefika ghorofa ya nne. Kwa jinsi ninavyopanda ngazi, mafundi wamenibandika jina: Mzee Nusu Saa. Ukinihitaji juu, niite, kanywe chai, urudi, utanikuta nafika.

Sasa barua yako. Kurasa mbili tamu kabisa: yule mteja aliyeleta kitambaa cha mapazia akitaka suti, paka wa jirani aliyezaa kwenye kapu la viraka, yote nimecheka. Halafu kule chini, baada ya salamu za mwisho, pembeni kabisa mwa karatasi, umebana mstari mmoja uliopindapinda: "Ukuta wa chumba changu ulilala kidogo ila umeshaegemezwa, usiwe na wasiwasi."

Dada, mimi ni mwashi. Kumwambia mwashi ukuta umelala na asiwe na wasiwasi ni sawa na kumwambia daktari kwamba mgonjwa amezimia, lakini kidogo.

Neno hilo "umeegemezwa" limeninyima raha wiki nzima. Katika kazi yetu kuna nguzo, ambayo inakaa na jengo maisha yao yote. Kuna boriti, inabeba mzigo imefunikwa na plasta, hakuna anayeikumbuka. Mti wa kuegemeza ni mgeni. Umekuja kwa muda, na kazi uliyokuwa unafanya utaijua siku ukiondolewa. Kwa hiyo nikisikia ukuta umeegemezwa, nataka kujua umeegemezwa na nani, anakaa wapi, na anapata nini. Asije akawa yule jirani wa nyuma, Bwana Mpaka, ambaye tangu tuko wadogo anapita na kamba akipima uchochoro wetu. Mtu wa namna ile akikushikia ukuta, ujue anashika na kingine.

Hamia chumba cha mbele leo hii. Ukuta ule uko upande wa kitanda chako, nami sitaki kupokea barua iliyoandikwa na watu wa mazishi.

Mdogo wako.


26 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwambie wifi nimeamini, na akitaka jingine anitumie vipimo, asidanganye kiunoni. Binti zako nawasalimu.

Usishangae mwandiko. Sindano ya cherehani imenichoma kidole cha mkono wa kulia, kimevimba kama andazi, basi mimi nasema na mtu mwingine anaandika.

Ukuta ni ule wa upande wa bomba. Bomba lilikuwa linavuja chini kwa chini, msingi ukalowa, ukuta ukainama kama mtu anayesikiliza siri. Aliyeuegemeza ni fundi wa hapa hapa. Anakaa karibu. Bwana Mpaka hahusiki. Alikuja, akatazama, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Chumba cha mbele sihamii. Nimelizoea dirisha langu.

Barua yako ya nguzo na boriti nimeisoma mara mbili. Hata ulipokuwa mdogo ulikuwa hivyo hivyo. Ukiulizwa nani kamaliza sukari, unaanza kueleza sukari inavyotengenezwa.

Jitunze. Punguza wali.

Dada yako.


9 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Hapa wazima. Wali nimepunguza, kisha nikauongeza kwa ajili ya kumbukumbu.

Nina maneno, na usikasirike. Machale yananicheza.

La kwanza ni hiyo barua. Imeandikwa kwa herufi kubwa tupu, mwanzo mpaka mwisho, kama kibao cha "USIKOJOE HAPA". Ni barua ya kwanza maishani mwangu kunipigia kelele. Mtu anayeandikia mwenzake barua ya kifamilia haandiki hivyo, labda awe hataki mwandiko wake ujulikane. Ni nani huyo? Umesema "mtu mwingine". Watu wengine wote hapo mtaani nawajua kwa majina.

Halafu sindano. Umeshona miaka thelathini na nane. Nimewahi kukuona unashona macho yakiwa kwa mgeni, mdomo ukila njugu, na mguu unamfukuza kuku. Sindano gani hiyo imepata ujasiri leo?

Na dirisha! Dada, dirisha la chumba kile linatazama tangi la maji. Chumba cha mbele kinatazama barabara yote, na wewe ni mtu unayependa kujua nani kapita na nani. Hapo ndipo umenitia wasiwasi hasa.

"Fundi wa hapa hapa, anakaa karibu." Karibu kiasi gani? Hana jina?

Naomba mnipimie, wewe na huyo mwandishi wako wa vibao. Mti una urefu gani, mguu wake uko umbali gani kutoka ukutani, umekalia nini, kabari ni ngapi na zimeingizwa kutoka upande upi, na juu unapogusa ukuta kuna nini. Kwa majibu hayo nitajua kama ni fundi au ni msanii.

Kwa usalama nimeshamwandikia Pimamaji, yule mwashi niliyefanya naye kazi zamani. Yuko hapo mjini. Atakuja mwanzoni mwa Mei, aung'oe huo mti, aweke nguzo mbili za chuma, nami nitalala usingizi.

Mdogo wako mwenye shaka.


2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Paka amehama na wanawe wote, kapu langu limerudi. Yule wa mapazia kaichukua suti yake na kaipenda; ukimwona barabarani unatafuta fimbo ya pazia iko wapi. Kidole bado.

Vipimo ni hivi. Mti, futi tisa. Mguu uko futi tatu na nusu kutoka ukutani, umekalia ubao, na ubao umekalia jiwe bapa. Kabari mbili, moja kutoka kushoto na moja kutoka kulia, zimepishana, kila moja imegongwa kidogo kwa zamu. Juu kuna ubao uliosimama, na kati ya ubao na ukuta kuna kipande cha kandambili. Kila Jumamosi inatundikwa timazi, na kamba haijasogea tangu Desemba hata kwa upana wa kucha.

Bomba limezibwa. Pia nimewekewa ubao wa kushikia ukumbini, kutoka mlangoni kwangu hadi msalani, umepigwa randa vizuri, haunichomi.

Pimamaji asije. Nakuomba. Mti ukae ulivyo hadi ukuta ujengwe upya, kabla ya mvua za vuli. Sina jingine la kusema juu ya hilo, na wewe usinilazimishe.

Dada yako.


11 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo.

Barua yako niliisomea kazini, nimekaa juu ya mfuko wa saruji. Nilipofika kwenye kandambili nikasimama ghafla hata goti likasahau kulalamika. Msimamizi wa nondo akaniuliza, "Mzee, umepata msiba?" Nikamwambia sijui bado.

Unakumbuka Baba. Alikuwa hawezi kuegemeza ukuta bila kukata kandambili na kuipachika kati ya ubao na ukuta, ili mti usitafune tofali. Mafundi wengine walimcheka. Tena alikata za mguu wa kushoto tu, ndiyo maana nyumba yetu ilijaa kandambili za kulia, na sisi tukaenda msalani kwa kuruka mguu mmoja. Kazi hiyo ya kabari mbili na kandambili aliwafundisha watu wawili duniani. Mmoja ni mimi, na mimi niko huku.

Kwa hiyo karudi. Kitinda, mdogo wetu wa mwisho, yuko ndani ya nyumba hiyo tangu Desemba au kabla, na wewe umeniandikia barua tatu unapiga chenga. Na hizo herufi kubwa ni zake! Yaani mimi nauliza maswali kumhusu, yeye anayasoma, kisha ananijibu kwa sauti yako. Nimejiona mjinga kuliko siku niliyojenga choo nikasahau mlango.

Sina haja ya kukukumbusha, lakini nitakukumbusha. Miaka kumi na moja iliyopita ziliondolewa nguzo chini ya zege ambalo halijakomaa, na sakafu ikanishukia. Miezi mitatu nimening'inizwa mguu hospitalini. Tangu hapo sijasema naye, na kila mtu anajua kwa nini. Leo mtu huyo huyo ndiye aliyeushikilia ukuta ulio juu ya kitanda chako, nawe unaniambia timazi haijasogea!

Na ule ubao wa ukumbini ndio umenifumbua macho zaidi. Wewe ni mtu mmoja, ukumbi una hatua saba. Nani anahitaji kushikilia ubao? Fundi asiye na pa kwenda hujitungia kazi ili asifukuzwe. Kesho atakuwekea ngazi ya kupandia kitandani.

Pimamaji atafika Jumamosi tarehe 4 Mei. Nimemwambia asimsikilize mtu yeyote hapo, hata wewe. Nisamehe.

Mdogo wako.


19 Mei

Dada,

Shikamoo. Wiki mbili zimepita na sijapata neno. Pimamaji nimemwuliza, naye kanitumia karatasi yenye mstari mmoja: "Kazi haikufanyika, kamuulize dada yako, na mimi usinitume tena kwa watu wako."

Pimamaji huyu huyu, mtu anayeweza kuongea na ukuta mpaka ukuta uombe maji! Ameishiwa maneno na nini?

Simu ulikataa kununua, unasema inakukatiza kushona. Haya. Niandikie hata nusu ukurasa. Niandikie kwa herufi kubwa, sitacheka.

Mdogo wako.


6 Juni

Kaka,

Shikamoo. Huu ndio mwandiko wangu wenyewe. Herufi kubwa lilikuwa wazo la Dada, mimi nilimwambia utashtuka. Kandambili nilimwambia tusiitaje. Akasema, "Ameuliza kuna nini, mwambie kuna nini. Kwa ukuta sitamdanganya." Nikaandika.

Wifi na watoto nawasalimu. Sijui kama nimeruhusiwa.

Pimamaji alikuja tarehe 4 asubuhi, na nyundo na nguzo zako mbili za chuma. Nikamwonyesha kazi. Akazunguka, akainama, akagusa kabari, akasema, "Hii ni ya mzee wenu." Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Nzuri. Lakini nimetumwa kuing'oa." Nikamwomba asimamishe chuma kwanza ndipo atoe mti. Akaniambia, "Wewe ndiye wa kunifundisha mimi mambo ya kutoa nguzo?"

Ungekuwa wewe ungesema nini?

Akagonga kabari ya kushoto mara moja. Plasta ikadondoka kutoka juu hadi chini, na ukuta ukatoa ule mlio, unaujua. Dada alikuwa mlangoni anasikia. Akaja, akachukua muda kufika, akavuta kigoda chake cha cherehani, akakiweka chini ya ukuta ule, kati ya mti na kitanda, akakaa. Akamwambia Pimamaji, "Endelea, baba. Mimi nipo."

Pimamaji akasema, "Dada, toka hapo, utakufa!"

"Si umetumwa? Gonga."

"Dada, nakuomba kwa heshima."

"Kwa heshima au bila heshima, mimi sitoki. Huu mti unanishika mimi, haujamshika aliyekutuma."

Yule mzee kaiweka nyundo chini. Kairudisha kabari yeye mwenyewe, kwa kuipapasa, kisha akakaa kwenye ngazi za mbele, akaomba maji.

Unauliza kwa nini hahamii chumba cha mbele. Kuna jambo amenikataza kuliandika, nami sitaliandika. Nimeshatuhumiwa mengi, la kumvunjia Dada siri sitaki liwemo.

Kuhusu sakafu ya miaka ile, sina la kukuambia ambalo hulijui. Tulikuwa wawili pale chini. Wewe unajua nani alisema neno.

Mdogo wako.


15 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Umeruhusiwa. Wifi yako anakusalimu. Alisoma barua yako kabla yangu, akaniletea mkononi bila kusema kitu, akakaa mbele yangu kunitazama nikisoma. Unajua wifi yako si mtu wa kukaa kimya. Niliona afadhali ile sakafu.

Nitaliandika sasa, maana nikiliweka kwa ajili ya kulisema mdomoni nitaanza kueleza sukari inavyotengenezwa.

Zege lilikuwa na siku tisa. Lilihitaji wiki tatu. Nilikuwa nimemwahidi mwenye jengo kwamba Jumatatu tunaanza juu, na nilipenda anione fundi mwepesi. Wewe uliniuliza mara mbili. Mara ya kwanza ulisema, "Kaka, tungoje?" Mara ya pili ulishika nguzo ya kwanza, ukasema, "Kaka, bado mbichi." Nikakujibu, "Ng'oa. Fundi mkuu ni nani hapa?" Ukang'oa. Mimi ndiye niliyesema.

Hospitalini mwenye jengo alikuja kuuliza, mguu wangu umening'inia kama nguo kwenye kamba. Nikamwambia, "Mdogo wangu aliharakisha." Maneno matatu tu. Nilidhani nikitoka nitayarekebisha. Nilitoka baada ya miezi mitatu nikakuta yamekauka, watu wameshajenga juu yake, wewe umeshaondoka, na mimi nimeshaanza kuyaamini kidogo kidogo, kwa sababu yalinifaa. Hilo goti ninalolitania kila barua, Dada alijua limeumizwa na nani. Hakuwahi kunisuta. Alichofanya ni kutonijibu kila nilipokutaja.

Kwa miezi mitano nimemshuku jirani, nimeshuku sindano, nimeushuku mti na kandambili, na nimemtuma mtu na nyundo kwenye kitanda cha dada yangu. Nimepima kila kitu katika nyumba hiyo isipokuwa yeye.

Sasa nimekaa na barua zenu zote mezani. Kidole cha sindano hakiumi miezi minne. Chumba cha mbele kina ngazi tatu. Ubao unatoka mlangoni kwake hadi msalani. Na wewe umeandika kwamba alichukua muda kufika, akitoka mlangoni tu. Mdogo wangu, Dada ana nini?

Naomba ruhusa kazini. Nitakuja wiki ya pili ya Julai, tuujenge ukuta huo pamoja, na kila nitakachokuambia ung'oe, uniulize mara tatu.

Mwonyeshe barua hii. Msomee yote, hata pale pabaya.

Kaka yako.


29 Juni

Kaka,

Shikamoo. Nimemsomea yote. Pale pabaya aliniambia nirudie. Kisha akasema, "Haya, mwandikie."

Ni kiharusi. Novemba, alikuwa anakata kitambaa, mkasi ukamtoka mkononi, akaanguka. Upande wa kulia ulilala. Mimi niliitwa na Bwana Mpaka, yeye ndiye aliyemwokota. Mguu umerudi nusu, ndiyo maana ubao. Ile barua yake ya kwanza alikuwa ameshaiandika kabla ya kuanguka; mstari wa ukuta aliubana baadaye kwa mkono wa kushoto. Aliogopa kwamba ukijua utakuja kumchukua akaishi kwako, na mimi utanitoa, na nyumba itabaki na ukuta umelala. Akaona afadhali ubaki na hasira zako huko huko.

Tofali nimeshaagiza. Mti hautoki mpaka wewe ufike.

Jambo moja, ili usije ukaonyesha mshtuko usoni, maana anauogopa kuliko ukuta. Ukiingia atakupa mkono wa kushoto. Upokee.

Mdogo wako.